Matawi Yaliyobaki kwa Magdalena

Jumamosi moja ya Februari, mwaka wa sabini na tano, Katekista Antipasi alikuwa amebakiwa na siku nne za kuwafundisha watoto thelathini na mmoja kwa nini mtu mzima mwenye akili zake timamu anakubali kupakwa majivu usoni. Kanisa lenyewe lilikuwa nguzo na nyasi juu, basi. Kuta hazikuwa zimekandikwa, maana watu wa kijiji kipya walikuwa bado wanahangaika na kuta za nyumba zao, na mvua ilikuwa inawacheka. Watoto walikaa chini kwenye udongo wenye unyevu. Antipasi alisimama mbele yao na fimbo yake ya mkole.

"Kwaresima ni siku ngapi?"

"Arobaini!"

"Siku hizo tunafanya nini?"

"Tunafunga, tunasali, tunatoa sadaka!"

"Kufunga ni nini?"

"Ni kujinyima chakula kwa ajili ya dhambi zetu!"

Mkono mmoja ulinyooka. Ulikuwa wa Simoni, mtoto wa miaka saba, kitinda mimba wa mjane Magdalena. "Mwalimu, sisi kwetu tulianza kufunga kabla ya Krismasi. Mama hajatuambia ni dhambi gani."

Wenzake walicheka. Antipasi hakucheka. Alimwita mbele, akamchapa viboko viwili vya kiganja, kisha akamweleza kwa upole kabisa, maana baada ya kuchapa alikuwa mpole: "Njaa siyo mfungo, Simoni. Njaa inakuja yenyewe, hujaiita. Mfungo unauchagua wewe." Jibu lilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Antipasi maisha yake yote, majibu yake yalikuwa sahihi. Mtoto alirudi kukaa huku akipuliza kiganja, na tumbo lake likabaki vilevile.

Somo likaendelea mpaka kwenye swali ambalo Antipasi alilipenda kuliko yote, kwa kuwa alilitunga mwenyewe, halimo katika katekisimu.

"Majivu haya yanatokana na nini?"

"Matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana!"

"Kwa nini matawi, kwa nini si kuni?"

Hapo walisitasita. Wawili walijibu, wengine walifungua midomo tu. Antipasi akawaeleza tena. Siku ile Yesu anaingia Yerusalemu, watu walikata matawi, wakaimba, wakatandika nguo zao njiani. Haikupita wiki, watu walewale wakasema asulubiwe. Kwa hiyo Kanisa linachukua tawi lilelile ulilomshangilia nalo, linalichoma, linakupaka usoni, ujione ulivyo. "Sasa jibuni. Na ninataka mjibu kabla sijafunga mdomo. Kwa nini matawi, kwa nini si kuni?"

"Kwa sababu waliomshangilia Jumapili ndio waliomkana Ijumaa!"

"Tena!"

Walirudia mara ishirini. Aliyechelewa alionja fimbo. Kufikia saa sita mchana hata ungewaamsha usingizini wangejibu.

Msidhani Antipasi alikuwa amezaliwa na fimbo mkononi. Alizaliwa Unyahamba, kule juu kwenye majabali, katika nyumba isiyo na ng'ombe, na kwa Wanyaturu nyumba isiyo na ng'ombe haina la kusema barazani. Alipokuwa mdogo alipelekwa misheni kubeba kuni za jikoni. Huko alisikia wenzake wakifundishwa, naye akayashika maneno yote huku kichwa kikiwa chini ya mzigo. Padri wa wakati ule alimkuta akijijibu mwenyewe maswali nyuma ya jiko, akamweka darasani. Akiwa na miaka ishirini na tisa alirudi Unyahamba na shati jeupe, rozari na kipande cha reli cha kugonga badala ya kengele. Tangu hapo akawa Mwalimu. Kwenye harusi aliwekewa kiti. Wazee wenye ng'ombe mia walimwamkia "Tumsifu Yesu Kristo" kabla hajafungua mdomo. Miaka kumi na sita alikula heshima hiyo, na hakuwa na chakula kingine cha kujivunia. Ukimvua ukatekista, alibaki mkulima wa uwele mwenye shamba dogo na goti bovu.

Na sasa walitaka kumvua. Wiki mbili kabla, barua ya Padri ilikuwa imefika. Ilisema kuna kijana aitwaye Philipo, amemaliza miaka miwili chuo cha makatekista, anatafutiwa kigango. Padri angekuja Jumatano ya Majivu, awaulize watoto mwenyewe, aone na matayarisho ya ibada, ndipo aamue nani abaki. Antipasi aliisoma barua hiyo mara nyingi mpaka mikunjo ikakatika. Majibu ya watoto hayakumtisha. Kilichomtisha ni majivu, kwa sababu kijiji kizima hakikuwa na tawi hata moja.

Desturi yao ilikuwa hii. Tawi la mlala, mti wa jamii ya mitende, likishabarikiwa halitupwi. Mwenye nyumba hulipachika kwenye boriti, ndani, nalo hukaa huko mwaka mzima likipigwa na moshi. Kwaresima ikikaribia, watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuyakusanya, ndipo katekista anayachoma. Lakini mwaka ule boriti zilikuwa wapi? Septemba lori lilikuja Unyahamba na mgambo, watu wakaambiwa wahamie kando ya barabara ya Ikungi, kwenye kijiji cha pamoja, wapate kisima, shule na zahanati. Kisima kilikuja. Shule ilikuja nusu. Zahanati walikuwa bado wanaisikia.

Baada ya maombi ya Jumapili Antipasi aliwauliza wakubwa kama kuna aliyebeba tawi. Walimtazama kama mtu aliyepatwa na homa. "Mwalimu," mzee mmoja alimjibu, "siku ile nilibeba mama yangu mgongoni. Tawi ningelibeba na nini?"

Mwanamume mwingine angechota majivu jikoni kwa mkewe, akayachekecha, akafumba mdomo. Padri angejua wapi? Lakini Antipasi hakuwa mtu wa kumdanganya Mungu na majivu ya jikoni. Alikuwa mtu mkweli. Ndiyo, mkweli, nyie chekeni. Aliwaza usiku kucha, na alfajiri ya Jumatatu akakumbuka kwamba Unyahamba kulikuwa na nyumba moja iliyosimama.

Alijua imesimama kwa sababu ni yeye aliyeiacha. Siku ya kuhama, amri ilikuwa nguzo za kila tembe, nyumba ya paa la udongo, zing'olewe, ili mtu asije akarudi kinyemela. Mwenyekiti wa kijiji akaona kwamba mtu akipewa shoka avunje kwake mwenyewe, mikono inamlegea. Akawapanga wavunjiane. Antipasi akapangiwa kwa Magdalena, ambaye mumewe alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Magdalena alikuwa amesimama nje, chungu kichwani, Simoni akimshika nguo, na binti yake Martha akishikilia mbuzi.

"Mwalimu," alimwambia, "niachie hata chumba kimoja. Uwele wangu umo humo. Nikipata nafasi nitaufuata."

Antipasi aling'oa nguzo za vyumba viwili, paa likaanguka kwa kishindo, vumbi likatoka mlangoni. Chumba cha kati aling'oa nguzo tatu, ya nne akaiacha katikati, chini ya boriti kubwa. Kisha akatoka akamwambia Mwenyekiti, "Tayari." Nami nasema kwa kinywa kipana, hakufanya jambo la huruma kubwa kuliko hilo mwaka ule mzima. Magdalena alimshika mikono yote miwili.

Aliufuata uwele wake mara moja tu. Mara ya pili mgambo walimrudisha, na Mwenyekiti akatangaza kuwa atakayeonekana kwenye mahame atachapwa hadharani. Halafu mvua zikaanza. Mtu wa kule haambiwi maana ya mvua kwa tembe lisilo na mwenyewe. Paa lile ni boriti, fito, matawi, na juu yake udongo wa kwenda dhiraa moja. Kila mwaka mwenye nyumba hupanda akaziba na kushindilia, maji yateleze. Asipopanda, udongo unakunywa. Unakunywa leo, unakunywa kesho, na uzito wote unashuka kwenye nguzo. Hata mchunga mbuzi mdogo hajikingi mvua ndani ya mahame. Antipasi alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Alijua pia kwamba matawi matatu mazuri yalikuwa kwenye boriti ya chumba cha kati. Aliyapachika kwa mkono wake mwaka jana, alipokwenda kumsalimia mjane, akayafunga kwa kamba ya katani yasianguke.

Kwenda mwenyewe hakuthubutu. Goti, kwanza. Halafu mgambo, halafu aibu ya katekista kuchapwa mbele ya watu ikiwa zimebaki siku mbili Padri aje. Mtoto anaweza kupita na mbuzi, hakuna atakayemuuliza. Ndiyo maana Jumatatu, darasa lilipoisha, alimzuia Martha. Alikuwa na miaka kumi, mwepesi wa miguu na mwepesi wa kujibu, hakuwahi kuchapwa hata mara moja.

"Unayakumbuka matawi yaliyokuwa kwenu, chumba cha kati?"

"Nayakumbuka, Mwalimu. Uliyafunga wewe."

"Kayafuate. Pita njia ya mbuzi, usipite kwa Idrissa." Idrissa alikuwa mgambo wa upande ule.

Martha alikuna mguu kwa mguu. "Mama ametukataza, Mwalimu. Anasema nyumba imelewa mvua."

"Imesimama miezi mitano, itaanguka leo kwa ajili yako? Amri ya Nne inasemaje?"

"Waheshimu baba na mama."

"Na wakubwa wa dini wamo humo. Nani aliyekufundisha?"

"Wewe, Mwalimu."

"Basi. Na usimwambie mtu. Sadaka haitangazwi. Keshokutwa Padri akija nitamwambia matawi haya ameyaleta Martha, utakaa mstari wa mbele kabisa."

Uso wa mtoto ulifunguka. Alimwambia "Asante, Mwalimu," akapiga goti, akaondoka mbio. Alimwona ndugu yake njiani akamwachia mbuzi wao wa kuchunga, na kwa kuwa Simoni hakubali kuachiwa mbuzi bila sababu, akamweleza anakokwenda na aliyemtuma, akamwapisha asiseme. Saa nane ilinyesha mvua kubwa, ikakatika saa tisa na nusu.

Saa kumi na moja Antipasi alikuwa ameketi nje kwake na Mwenyekiti, aliyekuja kulalamika kwamba kanisa limejitokeza hatua mbili nje ya mstari wa nyumba. Magdalena akaja, nguo imelowa mpaka magotini. Aliwasalimu wote wawili, maana hata mwenye wasiwasi husalimu.

"Mwalimu, Martha hajarudi. Simoni anasema alibaki kwako darasani."

Antipasi alimtazama, kisha akamtazama Mwenyekiti. Na katika kitambo hicho, kifupi kuliko Baba Yetu, alipiga hesabu zake. Akisema mtoto yuko wapi, Mwenyekiti atauliza kaingiaje kwenye nyumba iliyobomolewa. Atauliza nani aliyesema "Tayari." Habari itafika kwa Padri kwamba katekista anaidanganya serikali ya kijiji na kuwatuma watoto wavunje amri, na Philipo atarithi reli na fimbo. Na mtoto mwenyewe bila shaka alikuwa amejikinga mvua mahali, angetokea sasa hivi.

"Aliondoka," alisema. "Tulipomaliza darasa aliondoka."

Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa na kipaji hicho.

"Na wenzake?"

"Watoto wote waliondoka. Watazame bondeni, wanapenda kuchezea maji."

Magdalena akaenda bondeni. Jua lilikuwa bado juu ya majabali, na mtu mwenye miguu mizuri angefika Unyahamba na kurudi kabla giza halijaingia. Antipasi aliliona jua hilo. Alilitazama likishuka huku Mwenyekiti akimwonyesha kwa kijiti mahali mstari ulipopaswa kupita, naye akiitikia "naam, naam." Huko bondeni sauti ya Magdalena ilikuwa inaita Martha, Martha, na majirani wakimsaidia. Waliita mpaka giza likawafukuza. Ukiniuliza mimi, kama kuna saa moja katika maisha ya mtu huyu anayostahili kuulizwa siku ya mwisho, ni hiyo.

Simoni alikitunza kiapo chake mpaka alfajiri. Alipoona mama yake hajavua nguo zilizolowa na hajakaa, kikamshinda. "Dada kaenda nyumbani," alisema. "Mwalimu kamtuma matawi."

Magdalena hakuuliza la pili. Alikimbia. Idrissa alimwona akipita mpakani, akamfuata kwa kirungu na kelele kumrudisha, kama kazi yake ilivyotaka. Alipomkuta alikuwa amepiga magoti juu ya lundo la udongo anafukua kwa mikono. Idrissa aliweka kirungu chini akaanza kufukua naye.

Martha walimkuta chini ya boriti ile kubwa. Kinu kilikuwa kimelala karibu yake. Alikuwa amekipanda ili afike juu, kamba ilikuwa imefungwa vizuri, alivuta, na nguzo moja haikuweza tena. Matawi alikuwa nayo mkononi.

Walimzika Jumanne hiyo hiyo alasiri. Lilikuwa kaburi la kwanza la kijiji kipya, mahali ambapo Mwenyekiti alikuwa ameshapima na kuweka vigingi, na wachimbaji walisifu udongo wake kwa kuwa hauna mawe. Kwa kuwa Padri hakuwapo, aliyesalisha ni Antipasi. Sauti yake haikutetemeka. Aliwaambia watoto kwamba Martha alikuwa msichana mtiifu na sasa yuko na malaika. Magdalena alisimama ng'ambo ya shimo akimsikiliza neno kwa neno, na kila Antipasi alipoinua macho alimkuta anamtazama. Hakulia kwa sauti, wala hakusema alilolijua. Angelisema kwa nani? Mwenyekiti alikuwa ameshatoa maelezo yake, kwamba hivi ndivyo inavyokuwa watu wakikaidi, na wazazi wawafunge watoto wao.

Watu walipoanza kutawanyika, Idrissa alimvuta katekista kando. Alikuwa na kitu amekiviringisha kwenye kanga kuukuu.

"Alikuwa ameshika haya," alisema. "Mimi Mwislamu, sijui kazi yake. Nadhani wewe unaijua."

Antipasi alipokea. Akakibana kwapani.

"Hakufa mara moja," Idrissa aliendelea, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa taarifa. "Mkono mmoja ulikuwa huru. Kucha zimejaa udongo. Alichimba shimo la kujaa karai. Nimechimba visima, najua kazi ya kiasi hicho inachukua muda gani kwa mkono mtupu. Jana jua linazama alikuwa bado anachimba."

"Mapenzi ya Mungu," Antipasi alisema.

Idrissa alifuta mikono yake kwenye suruali, akaenda zake.

Labda mnangoja niwaambie kwamba aliyazika yale matawi, au aliyaficha, au alikwenda kwa Magdalena akaanguka miguuni pake. Aliyachoma. Aliyachoma jioni ileile jikoni, juu ya kigae safi, moja baada ya jingine, na kwa kuwa yalikuwa yameiva kwa moshi yaliwaka vizuri bila kutoa moshi mwingi. Mkewe, Maria, alikuwa anakoroga uji wa mahindi ya njano ya msaada.

"Umeyapata wapi?" alimwuliza.

"Nimeyapata."

Maria alitazama kamba ya katani iliyokuwa bado imening'inia kwenye tawi la mwisho. Akautoa mwiko, akauweka chini, akatoka nje, na hakurudi kukoroga. Uji uliungua. Antipasi aliyachekecha majivu mara tatu mpaka yakawa laini na meusi, yakajaa kisahani cha chai.

Padri alifika Jumatano asubuhi na pikipiki, Philipo amekaa nyuma na shati lililonyooka na mkoba wa vitabu. Padri alikuwa mtu mwema mwenye vigango kumi na vinne na matairi mabovu. Aliwapa watu pole ya msiba, akamuuliza Antipasi ilikuwaje, akajibiwa kwamba mtoto aliingia kwenye mahame, mvua ikaangusha paa. Padri akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Kisha akawakalisha watoto thelathini kwenye mistari mitatu na kuanza kuwauliza.

Walijibu kama mvua ya mawe. Hakuna aliyesita. Philipo, aliyekuwa ameandaliwa kurekebisha, hakupata pa kuingilia. Padri alifika kwa Simoni, aliyekaa mstari wa mbele kabisa. Hakuna aliyemweka hapo. Alikwenda akakaa mwenyewe.

"Wewe, kijana. Majivu yanatukumbusha nini?"

"Kwamba sisi tu mavumbi, na mavumbini tutarudi."

"Vizuri sana! Na umeelewa maana yake?"

"Ndiyo, Padri. Nimeona."

Padri alimpapasa kichwa akaendelea na mwingine. Antipasi aliyekuwa amesimama pembeni alipiga hatua moja mbele, lakini mtoto hakuongeza neno.

Ibada ikaendelea mpaka kwenye majivu. Watu walikuwa wengi, hata wasiobatizwa, maana baada ya msiba kila mtu anataka kuguswa na kitu. Padri aligawa majivu kwenye visahani viwili, kimoja akampa Antipasi, akamwambia asimamie mstari wa kushoto. Hiyo ilikuwa ishara, na Antipasi aliielewa. Kwa mbali aliona uso wa Philipo ukilegea. Kidole gumba kikazama majivuni, kikainuka, paji la uso, msalaba, maneno. Kumbuka, ewe mwanadamu, u mavumbi, na mavumbini utarudi. Mwingine. Mwingine.

Magdalena alikuwa mstari wa kulia, wa Padri. Mbele yake walikuwa wamebaki wawili. Akatoka, akazunguka nyuma ya watu wote, akaja kusimama wa mwisho upande wa kushoto. Mstari ulisogea. Antipasi alimwona anakuja hatua kwa hatua, na hakuwa na pa kwenda.

Alipofika mbele yake hakufumba macho kama wengine. Antipasi aliinua kidole. Majivu yakamdondokea Magdalena kwenye kope.

"Kumbuka..." alianza, akaishia hapo.

"Malizia, Mwalimu," Magdalena alisema. "Nimekuja kusikia."

Alimalizia, kwa kunong'ona. Alidhani mama huyo atasogea. Hakusogea. Magdalena alikitazama kile kisahani, kilichobaki majivu kidogo chini, akakitazama kama mama anayemtazama mtoto wake. Kisha akauliza, si kwa ukali, kama mtu mzima anayetaka kufundishwa dini ambayo hakuielewa:

"Kwa nini matawi, Mwalimu? Kwa nini si kuni?"

Antipasi alifungua mdomo. Lakini alikuwa amewafundisha vizuri mno. Nyuma ya Magdalena watoto thelathini walikuwa wamekaa wakisubiri, na swali lile walikuwa wamelipigiwa viboko mpaka likaingia kwenye damu. Walijibu kwa sauti moja kabla hajafunga mdomo, kama alivyotaka:

"Kwa sababu waliomshangilia Jumapili ndio waliomkana Ijumaa!"

Sauti ya Simoni ilikuwa juu ya zote.

Maria alikuwa ameinamisha kichwa. Idrissa, aliyekuwa amesimama nje ya nguzo na kirungu chake, aliyasikia, na ingawa hakujua habari za Jumapili wala Ijumaa, alimtazama Antipasi kama mtu aliyepata jibu la alichokuwa anakiuliza. Magdalena alitikisa kichwa, polepole, kama anayekubali somo. Akageuka, akamshika Simoni mkono, wakatoka.

Padri, aliyekuwa anafuta kidole chake kwa kitambaa, alitabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana. Hakuwahi kusikia watoto wa kigango wakijibu swali zito kiasi hicho, tena kwa pamoja, tena bila kuulizwa wao. Baada ya ibada alimwita katekista mbele ya watu wote, akamwekea mkono begani.

"Watoto wako wanaijua dini, Antipasi," alisema. "Nilikuwa na mashaka, sasa sina. Kigango ni chako."

Philipo alichukua mkoba wake wa vitabu akaenda kusubiri kwenye pikipiki.

Antipasi alikaa na kigango hicho miaka kumi na mmoja, mpaka goti lilipomkatalia kabisa. Kuta za kanisa zilikandikwa, na baadaye likapata bati. Fimbo aliendelea nayo, lakini swali lile hakuliuliza tena. Wala watoto hawakukusanya matawi tena kwa nyimbo, kwa kuwa hakuna mzazi aliyewatoa. Kila mwaka, Kwaresima ikikaribia, aliyafuata mwenyewe, akichechemea nyumba hadi nyumba, na watu walimtolea tawi dirishani bila kumkaribisha ndani. Kwa Magdalena hakuhitaji kubisha hodi. Tawi la Magdalena halikupanda kwenye boriti tena. Alikuwa analiweka nje, chini kabisa kando ya mlango, amelikandamiza kwa jiwe dogo, mahali ambapo hata mtoto anayetambaa angelifikia.